Wimbo wa Dereva Ulivyofika Eldoret

Santuri hiyo ilifika kwetu ndani ya boksi moja na betri za redio. Mchuuzi aliyekuwa akitoka Nairobi na kuzunguka miji yetu kwa gari dogo alitushushia boksi asubuhi ya baridi, akamwambia mume wangu kwamba ndani kulikuwa na kitu cha Waingereza, bendi ya vijana wanne wa magitaa. Alisema kule kwao wimbo wenyewe ulikuwa umeshavuma na kupoa.

"Lakini hapa ni mpya," alisema. "Hapa kila kitu ni kipya siku kikifika."

Duka letu lilikuwa kando ya soko, chumba kimoja chenye mlango wa mbao. Mbele tuliuza betri, tochi na santuri. Nyuma mume wangu alitengeneza redio za watu. Yeye alikuwa mtu wa upande wa ziwa, aliyekuja Eldoret kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, akachoka na kelele za mashine, akaona afadhali apige kelele zake mwenyewe. Mimi nilitoka Moiben, kwa wakulima wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Wazazi wangu walichukua muda kuamini kwamba mtu anaweza kulea mtoto kwa kuuza nyimbo. Tulikuwa na msichana mmoja, hajaanza kutembea. Mchana alilala nyuma ya kaunta katika boksi la redio lililotandikwa godoro dogo, spika ikinguruma juu ya kichwa chake, wala hakujali.

Santuri ilikuwa ndogo, ya wimbo mmoja kila upande. Upande mmoja ulikuwa na wimbo wa haraka, ngoma zikigonga kama lori tupu kwenye barabara mbovu. Upande wa pili ulikuwa wa polepole, kinanda na sauti ya mtu aliyeonekana amefiwa. Majina ya nyimbo yalikuwa ya Kiingereza. Nitayaita Taa na Kioo. Bendi hiyo ilikuwa na mtindo wa kutotamka jina la wimbo ndani ya wimbo, kwa hivyo ukitaka kujua unaitwaje ilibidi usome lebo, ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri. Lebo ya wimbo wa haraka iliandikwa Taa. Lebo ya wimbo wa polepole iliandikwa Kioo. Nayaeleza haya mapema kwa sababu balaa lote lilitoka kwenye karatasi hizo mbili.

Mume wangu aliweka wimbo wa haraka kwenye spika ya mlangoni. Kabla ya saa sita wapakiaji wa malori ya mahindi walikuwa wamesimama nje wakitikisa mabega. Walipenda kiitikio, wakakiimba kwa maneno yasiyo lugha yoyote. Aliyetueleza maana yake alikuwa mwalimu wa Kiingereza aliyefundisha Kapseret, mteja wetu wa kila mwisho wa wiki. Aliegemea kaunta, akasikiliza kiitikio kikizunguka, akatafsiri kwa sauti ya darasani:

"Anauliza, Dereva, unatupeleka wapi? Dereva, mbona husimami?"

Watu wakacheka. Kisha mwalimu mwenyewe akainua macho ukutani, mahali ilipotundikwa picha ya rais ambayo siku hizo ilitundikwa katika kila duka nchini.

"Mwalimu, huo ni wimbo wa gari tu," mume wangu alisema.

"Mimi nimetafsiri tu," mwalimu akajibu, akichukua kofia yake. "Sijasema ni gari gani."

Baada ya hapo mji mzima uliuita wimbo wa dereva. Lakini ukitaka kuuomba redioni ilibidi uandike jina lake halisi, na jina hilo watu walilisoma kwetu, kwenye lebo. Redio ilikuwa moja nchi nzima, ya serikali. Jumamosi alasiri kulikuwa na kipindi cha salamu. Ulinunua kadi, ukaandika majina ya unaowasalimu, ukataja wimbo, ukaituma Nairobi kwa posta na kungoja. Kadi hizo tuliziuza pia. Niliona watu wakiinama juu ya kaunta yangu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, wakinakili: Taa.

Jumamosi ya kwanza mtangazaji alisoma majina ya watu wetu, akawatakia kila la heri, akasema sasa wasikilize Taa. Ukalia ule wa polepole.

Watu walicheka. Mtangazaji amekosea upande, walisema. Jumamosi iliyofuata kadi zikasomwa tena, Taa ikatajwa tena, na yule mtu aliyefiwa akaanza tena kulia na kinanda chake. Hakuna aliyecheka.

Pengine watu wa nchi nyingine wangesema lebo imebandikwa vibaya. Sisi hatukufikiria hivyo hata kidogo. Katika nchi yetu waziri alijua amefutwa kazi kwa kusikiliza taarifa ya habari ya saa saba, mkono ukiwa kwenye sahani ya chakula. Tulizoea kupima ni jina la nani limetajwa na la nani limerukwa. Redio ilipotaja wimbo mmoja na kucheza mwingine, wiki baada ya wiki, mji mzima ulielewa jambo moja kwa wakati mmoja.

"Hiyo imepigwa marufuku, mama," mwuza sukuma wiki aliyekaa mbele ya mlango wetu aliniambia. "Hata mtoto anaona."

"Nani amesema?"

"Kwani wewe unangoja mpaka waseme?"

Biashara ikabadilika sura. Watu hawakuomba tena santuri kwa jina. Mtu aliingia, akashika tochi, akaiwasha na kuizima, akangoja mwenzake atoke, kisha akanisogelea.

"Mama, uko na ile?"

"Ile gani?"

"Ile."

Tuliifunga katika gazeti kama nyama. Kusema kweli hatujawahi kuuza santuri kwa kasi ile, wala mume wangu hajawahi kuichukia biashara yake kwa kiasi kile. Kila aliyenunua alikuwa shahidi mmoja zaidi. Alizima spika ya mlangoni. Alianza kufungua ubao mmoja tu wa mlango, akikaa mahali pa kuona barabara. Akishika redio ya mtu kuitengeneza, aliiacha wazi mezani, akaenda mlangoni, akarudi, akasahau alikuwa amefika kwenye waya gani. Nami nikawa hivyo hivyo. Mtoto akipiga chafya nilishtuka.

Siku moja akaingia kijana wa chama tawala. Wote tulimjua: shati jekundu, fimbo fupi kwapani, kazi yake ilikuwa kusimama penye lango la soko akiuliza kina mama kadi ya chama kabla hawajaingia na vikapu.

"Mzee, habari ya biashara?"

"Tunasukuma tu," mume wangu akasema.

"Nasikia mko na ngoma fulani hapa. Ya dereva."

"Iliisha."

"Iliisha ama ilifichwa?"

"Iliisha, bwana mkubwa."

Kijana alitembeza macho rafu kwa rafu. Aliinama akamtazama mtoto ndani ya boksi lake. "Huyu analala tu na kelele zenu zote? Huyu atakuwa askari." Kisha akagonga kaunta kwa fimbo, polepole. "Basi nitarudi. Ikipatikana, usiuzie mtu mwingine. Hiyo ni yangu."

Hajavuka barabara, mume wangu alikuwa ameshaamua.

"Nyar Moiben," akaniambia. Ndivyo alivyoniita tangu aliponioa, binti wa Moiben, kama watu wa kwao wanavyomwita mke kwa mahali alikotoka. "Tunaenda nyumbani."

"Nyumbani wapi, Baba Toto?"

"Kwetu."

Kaka yake mkubwa alikuwa na mashine ya kusaga unga huko ziwani, na kwa muda mrefu alikuwa akimwita akaisimamie. Mume wangu akazungumza na rafiki yake mwenye pikapu. Wangepakia vitu vyetu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Sikuwa na ugomvi na ziwa wala na shemeji. Lakini huko ningekuwa mke wa mdogo wa mwenye boma, nikisubiri kuambiwa leo napika nini. Hapa nilikuwa na kaunta. Watu wakiingia waliniuliza mimi.

"Na duka?" nikamwuliza.

"Duka ni chumba."

"Na wateja?"

"Wateja ndio watakaotutaja."

Santuri zilizobaki aliamua kuziangamiza, lakini alikuwa fundi, na fundi hatupi kitu. Alichemsha maji jikoni, akaitumbukiza santuri mpaka ikalegea, akaifinyanga juu ya sufuria ndogo iliyopinduliwa, ikapoa ikiwa bakuli la maua lenye pindo za mawimbi. "Wakija," akasema, "wakute vyombo." Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitengeneza moja, ya pili, ya tatu, akizipanga dirishani zikauke. Kila bakuli lilikuwa na tundu chini na neno Taa likizunguka tundu. Nikamwomba aache zilizosalia. Tukazilaza chini ya godoro la mtoto, katika lile boksi.

Nilitaka kujua kama kweli wimbo umepigwa marufuku, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa: hapakuwa na mahali pa kuuliza. Ukienda ofisi ya serikali kuuliza kama wimbo fulani umekatazwa, utaulizwa ni wimbo gani, unasema nini, na wewe unaona una ubaya gani. Ukimaliza kujibu, una kesi.

Jibu la kwanza lilikuja na mama mmoja kutoka Plateau, aliyekuwa akifua mashuka katika hospitali ya misheni. Muuguzi mmoja Mwingereza alikuwa amemaliza muda wake, na alipofunga mizigo alimwachia mama huyo boksi la santuri kama zawadi. Aliliweka juu ya kaunta yangu kwa kishindo.

"Mimi sina mashine ya kuchezea hizi. Nipe betri, nisikilize mahubiri yangu."

Tukabadilishana, akaenda. Nilipopanga santuri zile nikaikuta yetu humo. Ilikuwepo mara mbili, na hazikufanana. Ya zamani kidogo, iliyokwaruzika, ilikuwa na Taa upande wa kwanza na Kioo upande wa pili. Ile mpya ilikuwa kinyume: Kioo upande wa kwanza, Taa upande wa pili, na jalada lake lilieleza kwa herufi kubwa kwamba huu ndio wimbo uliokuwa umefichika nyuma ya mwingine mpaka wasikilizaji wakaugundua wenyewe.

Niliweka ile mpya kwenye mashine, sauti chini kabisa, upande ulioandikwa Kioo. Zikaja ngoma za lori tupu. Nikageuza. Taa ilikuwa ule wa kinanda.

Niliketi juu ya kreti. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kichwa changu kilikuwa na kazi ya kufanya badala ya kuogopa. Nilizipanga zote tatu mbele yangu, hizo mbili na moja yetu, na kuirudisha hadithi nyuma. Uingereza walitoa santuri kwanza wakiamini wimbo wa polepole ndio utakaouzwa, wakauweka mbele. Watu huko wakaigeuza, wakapenda ule wa nyuma. Kampuni ikafuata watu, ikaitoa upya, wimbo wa haraka ukiwa mbele. Halafu zamu ya Nairobi ikafika, na ninavyokisia mimi, mtu alipewa kalibu za kugandamizia santuri kutoka toleo la zamani na maandishi ya lebo kutoka toleo jipya. Upande wa kwanza akaubandika lebo ya upande wa kwanza, wa pili ya pili, kama mtu yeyote mwangalifu angefanya. Santuri zikatoka na majina yaliyobadilishana, na boksi letu likapanda milima hadi Eldoret. Redio lazima ilikuwa na nakala iliyotoka Uingereza moja kwa moja. Tuliomba Taa, wakatuchezea Taa.

Nilimwita mume wangu, nikamchezea ile mpya. Aliweka sikio karibu na sindano. Akasikiliza pande zote mbili, akasoma lebo, akasikiliza tena.

"Hii inaonyesha karatasi imebandikwa vibaya," akasema hatimaye. "Haionyeshi wimbo haujapigwa marufuku."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. "Basi nitauomba kwa jina lake. Tuone."

"Pikapu inakuja mwisho wa mwezi."

"Nipe mpaka hapo."

Siku iliyofuata nilienda Moiben kwa mama yangu na kadi za salamu ndani ya kikapu. Sikutaka zitoke Eldoret mjini wala ziwe na anwani ya duka. Niliandika tatu, kwa kalamu tofauti na mwandiko tofauti, nikasalimu wakulima wote wa Moiben, wakamuaji na wapanda mahindi, na kila moja ikaomba Kioo. Mama yangu alinimiminia mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, na kuniangalia nikilamba stempu.

"Umekuja mbali hivi kusalimu watu ambao mimi naweza kuwasalimu kanisani?"

"Hii ni salamu nyingine, Mama."

"Naona. Stempu hiyo umeilamba mara tatu."

Jumamosi ya kwanza kadi zangu hazikusomwa. Jumamosi ya pili kadi moja tu ya Eldoret ilisomwa, ya mtu ambaye bado alikuwa na moyo wa kuomba Taa, na kinanda kilipoanza nilisikia watu wa sokoni wakiguna pamoja. Mume wangu alileta maboksi matupu kutoka kwa jirani na kuanza kuyapanga ukutani.

Kisha ikafika Jumamosi ya pikapu. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na soko lilijaa matope na watu. Mwenye pikapu, mtu mnene mwenye haraka, aliegesha mlangoni na kuacha injini ikinguruma. Walitoa meza ya ufundi, wakatoa kitanda, wakatoa rafu. Vumbi la miaka yetu lilibaki ukutani katika mistari iliyonyooka. Mume wangu akanyoosha mkono kuchukua redio.

"Hiyo iwe ya mwisho," nikasema.

"Nyar Moiben."

"Iwe ya mwisho."

Akaiacha. Kipindi kilikuwa kimeshaanza. Wakasomwa watu wa Nakuru, wakasomwa watu wa Kakamega, na katikati yao nyimbo ambazo sizikumbuki. Nilisimama na mtoto begani, nikihamisha uzito mguu huu, mguu ule. Kaunta ilipoinuliwa nilisogea ukutani. Ndipo mtangazaji akasema, kwa sauti yake ile laini ya kila wiki, kwamba anazo salamu za wakulima wa Moiben, wakamuaji na wapanda mahindi, nao wameomba Kioo.

Zikaja ngoma.

Mume wangu alikuwa ameshika mwisho mmoja wa kaunta. Akaiangusha juu ya mguu wake mwenyewe wala hakuhisi. Nje, mwuza sukuma wiki aliinuka, fungu la mboga mkononi. Mtu wa duka la pili aliongeza sauti ya redio yake, na wa tatu, na wa nne, mpaka wimbo wa dereva ukawa unatoka kila mlango wa mtaa ule, mbele ya picha zote zilizotundikwa ukutani, ukiuliza swali lake.

"Wamefungulia!" mtu akapiga kelele upande wa soko. "Wamefungulia!"

Wimbo haujaisha, kijana wa chama alifika akikimbia, matope mpaka magotini, fimbo ameisahau mahali.

"Mzee, mmesikia? Imeruhusiwa! Mimi mwenyewe niliwaambia watu wa ofisi, hii kitu ni ya vijana, haina maneno. Niliwaambia!"

"Asante, bwana mkubwa," mume wangu akasema.

"Sasa yangu iko wapi?"

Mume wangu akanitazama. Boksi la mtoto lilikuwa limeshawekwa juu ya pikapu. Nilipanda, nikainua godoro, nikatoa santuri moja na kumpa. Aliifuta kwa shati lake jekundu, akasoma lebo kwa sauti, "Taa," akatingisha kichwa kwa furaha, akaondoka akiwa ameishika juu kama kikombe cha ushindi.

Nilimsogelea mume wangu. "Haukuwahi kupigwa marufuku. Unajua. Umeona mwenyewe."

"Najua," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini usiwaambie. Ukisema haukuwahi kukatazwa, watauliza ni kwa nini tuliuficha, tulidhani dereva ni nani. Waache waseme umeruhusiwa. Wimbo ulioruhusiwa hauna kesi."

Nilitaka kubishana. Nilikuwa na santuri tatu, na hadithi yote imepangwa kichwani mwangu tangu Uingereza hadi kwenye kaunta yetu. Lakini mwenye pikapu alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Bwana, nimechoma mafuta ya kutosha. Tunapakia ama tunapakua?"

Mume wangu alitazama barabara pande zote mbili, kama alivyokuwa akifanya kwa wiki zile zote. Alitazama alama za rafu ukutani. Alinitazama mimi.

"Pakua," akasema.

Tukaanza na kaunta. Eldoret bado kuna watu watakaokueleza kwamba wimbo ule ulitoka, serikali ikaukataza, kisha vijana wa chama wakaukomboa, na wanaeleza vizuri kiasi kwamba sijawahi kumkatiza mtu. Rafu zilirudi mahali pake siku ile ile. Bakuli moja la Taa ninalo jikoni, naweka vitunguu. Lakini boksi moja la nguo za mume wangu lilibaki limefungwa kamba nyuma ya mlango, na kila nilipotaka kulifungua aliniambia niliache kwanza. Redio ikikatika katikati ya neno, hata ikiwa ni betri tu zimekwisha, aliinua kichwa akalitazama boksi lile kabla ya kuitazama redio.